Sura ya 7: Yeremia Ananunua Ploti

Ukikaa Likoni, Kisauni au Changamwe, kuna swali utakalolisikia kwa sauti nyingi. Mwenye duka hulisema akifunga daftari la madeni. Kondakta hulisema matatu ikiwa imezima injini kwenye mteremko wa feri. Msichana aliyemaliza chuo na sasa anauza vocha na vifuniko vya simu hulisema bila kuinua macho: "Sasa tutumainie nini?"

Vitabu vingi vya kutia moyo humjibu kwamba awaze mema ili mema yamfuate. Jibu hilo limenichosha. Unga haujawahi kushuka bei kwa sababu mnunuzi aliwaza mema. Sura hii inatafuta jibu mahali ambapo wasomaji wengi wa pwani hawajapata sababu ya kuchungulia: kwenye desturi ya Wayahudi ya kuchukua kipande kifupi cha maandiko yao kila wiki na kukihoji mpaka kiseme kitu kuhusu jiko, kazi, kodi ya nyumba na jirani.

Kwa nini Wayahudi, tena Mombasa?

Najua. Ukitaja Myahudi kwenye baraza ya Mombasa, mazungumzo huruka hadi Gaza kabla kahawa haijamiminwa. Huzuni hiyo na hasira hiyo ni za kweli, na sura hii haimwombi mtu aziweke kando. Inaomba tu nafasi ya kutenganisha siasa za dola iliyoundwa mwaka 1948 na namna ya kusoma ambayo ina zaidi ya miaka 2000.

Isitoshe, Wayahudi si wageni kabisa huku. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza, kupitia waziri wake wa makoloni Joseph Chamberlain, ilipendekeza kuwapa Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi ardhi ya Uasin Gishu. Mpango huo uliitwa wa Uganda ingawa ardhi yenyewe iko katika Kenya ya leo, na wenyeji wake hawakuulizwa na yeyote. Mwanzoni mwa 1905 tume ya watu 3 ilishuka Mombasa, ikapanda treni, ikapita Changamwe kwenda bara kukagua. Mwaka huohuo mkutano wa wajumbe wa Kiyahudi uliikataa ardhi hiyo. Wayahudi wachache walikuwa wamekwisha kuja kwa hiari zao. Mmoja wao, Abraham Block, alifika mwaka 1903 na miaka ya baadaye akamiliki hoteli za Norfolk na New Stanley. Jumuiya ya Kiyahudi ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1904 na bado ipo. Upande wa Uganda, karibu na Mbale, wako Abayudaya, Waafrika walioifuata dini hiyo tangu 1919. Nitawarudia.

Na kuna kumbukumbu chungu ya karibu. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Paradise, Kikambala, ililipuliwa. Waisraeli 3 waliuawa pamoja na Wakenya 10, baadhi yao wachezaji wa ngoma waliokuwa wakiwalaki wageni. Asubuhi hiyohiyo makombora mawili yalirushwa kwa ndege ya Israeli iliyokuwa ikiruka kutoka uwanja wa Moi, hapa Changamwe, yakaikosa. Kwa hiyo si kweli kwamba mambo ya Wayahudi hayatuhusu. Yamekwisha kutuhusu kwa njia mbaya. Hebu tuone kama yanaweza kutuhusu kwa njia nyingine.

Dakika chache za kila wiki

Torati ni vitabu vitano vya Musa, ambavyo Mkristo huvikuta mwanzoni mwa Biblia na Mwislamu huvitaja kwa jina la Taurati. Wayahudi wameigawa katika mafungu 54, na kila fungu huitwa parasha. Kila Jumamosi fungu la wiki husomwa kwa sauti katika sinagogi, yaani nyumba yao ya ibada, na anayesikiliza Nairobi kwa kawaida husikia lilelile linalosomwa Mbale au London. Mzunguko ukifika mwisho, aya za mwisho husomwa, na siku hiyohiyo wanarudi kwenye aya ya kwanza, dunia inaumbwa upya.

Baada ya kusoma, mtu husimama na kusema maneno mafupi yaitwayo dvar Torah, yaani neno la Torati. Msemaji anaweza kuwa rabi, mwalimu wa sheria na dini. Anaweza pia kuwa daktari wa meno, au mtoto wa miaka 13 siku anapohesabiwa mtu mzima. Aghalabu huanza na jambo linalokwaza kwenye maandiko: kwa nini huyu alinyamaza, kwa nini neno hili limerudiwa mara mbili? Kisha hulizungusha, hulipeleka dukani au hospitalini, na msemaji hodari huketi kabla watu hawajaanza kutazama saa.

Wakenya wa umri fulani wanalijua umbo hili. Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa Frere Town, Kisauni, mwaka 1940, aliendesha kwa miongo mingi kipindi cha redio cha "Je, Huu ni Ungwana?", kisa kidogo cha tabia za watu kikifuatwa na swali. Aliyemaliza kusikiliza alibaki akijiuliza juu ya nafsi yake, tena akicheka.

Mfano mmoja utatosha. Wayahudi wana baraka, maneno mafupi ya shukrani, kwa karibu kila tendo: mkate, tunda, radi, nguo mpya. Mapokeo yao yanamtaka mtu afikishe baraka 100 kwa siku. Moja husemwa mtu akitoka chooni. Humshukuru Muumba kwa kuufanya mwili wenye matundu na mirija, na kukiri kwamba tundu moja likiziba, au jingine likifunguka pasipofaa, mtu hasimami. Imo katika Talmudi, mkusanyiko mkubwa wa mijadala ya marabi wa kale, kwa jina la mwalimu wa Babeli aitwaye Abaye. Msomaji Mwislamu hatashangaa, kwani naye alifundishwa dua ya kuingia na kutoka chooni tangu madrasa. Wasemaji wa siku hizi huipeleka baraka hii wodini. Aliyewahi kumsindikiza mzazi kwenye mashine ya kusafisha damu, akakaa naye saa nne huku akihesabu nauli ya kurudi, anajua kikombe kimoja cha mkojo kina thamani gani.

Jonathan Sacks, aliyekuwa rabi mkuu nchini Uingereza kuanzia 1991 hadi 2013, aliandika tafakari za namna hii wiki baada ya wiki kwa miaka mingi. Alipenda kutofautisha watu wawili. Mmoja anaamini mambo yatatengenea. Mwingine anaamini watu wakishikana wanaweza kuyatengeneza. Kwa Sacks, ni huyo wa pili tu aliye na tumaini, na ndiye anayehitaji ujasiri. Yule wa kwanza anangoja tu.

Kwa ufupi:
- Parasha ni fungu la Torati la wiki. Dvar Torah ni maneno mafupi juu yake.
- Tafakari nzuri huanza na jambo linalokwaza na kuishia kwenye tendo dogo.
- Tumaini la namna hii hushikwa na mikono kwanza. Moyo hufuata ukipata nafasi.

Jambo hilo la tatu ndilo zito, na linahitaji kisa kizima.

Ploti ya Anathothi

Kisa kiko katika sura ya 32 ya kitabu cha Yeremia. Yerusalemu imezingirwa na jeshi la Babeli; tuko karibu na mwaka 587 kabla ya Kristo. Nabii Yeremia amefungwa katika uwanja wa walinzi kwa amri ya mfalme Sedekia, kwa kosa la kusema wazi kwamba mji utaanguka. Hapo kifungoni anatembelewa na mtoto wa ami yake, Hanameli, mwenye shauri la biashara: ninunulie shamba langu la Anathothi, maana wewe ndiwe wa karibu mwenye haki ya kulikomboa.

Mtu wa pwani atamtambua Hanameli mara moja. Huyu ni dalali. Anathothi ilikuwa nje ya kuta, mwendo mfupi tu kutoka mjini, ambako askari wa adui walikuwa wakitembea watakavyo. Hanameli anauza ardhi isiyofikika kwa mfungwa asiyeweza kutoka kwenda kuikagua. Ingekuwa si habari ya nabii, ungedhani ni ile biashara yetu ya ploti moja kuuzwa kwa watu watatu.

Yeremia ananunua. Na hapa masimulizi yanapunguza mwendo kama karani wa ofisi ya ardhi. Shekeli 17 za fedha zinapimwa kwenye mizani. Hati inaandikwa, mnunuzi anatia sahihi, mashahidi wanatia zao. Nakala ni mbili, moja imefungwa kwa muhuri na nyingine imeachwa wazi. Zinakabidhiwa Baruku, mwandishi wake, mbele ya watu wote walioketi uwanjani, na agizo linatoka kwamba zitiwe katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi. Katikati ya vita na njaa, tunajua bei, tunajua mashahidi walikuwapo, tunajua hata hati ilihifadhiwa ndani ya nini.

Kinachonivuta zaidi ni kinachofuata. Yeremia akishamaliza kununua, anaomba, na ombi lake linaanza kwa sifa na kuishia kwa mshangao mtupu. Adui amefika ukutani, njaa na tauni zimo ndani, mji umekwisha kutolewa. Nawe umeniambia ninunue shamba kwa fedha? Angalia mpangilio. Alilipa kwanza. Shaka ilikuja hati ikiwa tayari mkononi mwa Baruku. Mpangilio huo unamwondolea mtu mzigo mzito, kwa sababu halazimiki kwanza kujisikia ana matumaini ndipo atende jambo la matumaini. Anaweza kulitenda akiwa na mashaka, akiwa na hasira, akiwa kifungoni.

Wayahudi hukisoma kisa hiki pamoja na fungu la Torati liitwalo Behar, lile linaloamuru kwamba kila mwaka wa 50 ardhi iliyouzwa kwa sababu ya umaskini irudi kwa wenyewe. Mtu wa pwani akisikia amri hiyo huketi sawasawa.

Hatimiliki za Likoni

Vuka feri sasa. Jioni ya 13 Agosti 1997 wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni na kubeba silaha. Katika wiki zilizofuata zaidi ya watu 100 waliuawa Likoni na maeneo ya jirani. Maelfu ya familia, nyingi za watu wenye asili ya bara, zilikimbia. Wengine walijisitiri katika uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni. Shamba la ekari 930 la mtu aitwaye Waitiki lilimtoka katika vurugu hizo. Watu wasio na ardhi wakaingia, wakapima kwa kamba na hatua za miguu, wakajenga.

Kwa karibu miaka 20 walikaa humo bila karatasi, sikio likisikiliza tingatinga. Mwishowe serikali ililinunua shamba, na Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta akafika kugawa hatimiliki kwa maelfu ya wakaazi, kwa masharti kwamba wazilipie kidogo kidogo. Malipo hayo nayo yakawa ugomvi mpya, wengi wakiuliza kwa nini wanunue ardhi wanayoiita ya mababu zao.

Hadithi ya Waitiki haina upande mmoja safi. Kuna aliyefukuzwa kwenye ardhi aliyokuwa na hati yake, na kuna waliozaliwa pwani bila hata pa kuzikiwa. Sitaki kuipaka sukari kwa kisa cha nabii. Nataka tu tutazame watu walikuwa wakifanya nini miaka ile yote kabla ya 2016. Walichimba visima na vyoo. Walipanda miembe, na mwembe hauna faida kwa mtu atakayefukuzwa kesho. Walichangia bati za madrasa na za kanisa. Ukiwauliza kama walikuwa na matumaini, wengi watakwambia walikuwa na hofu. Mikono yao ilisema vingine.

Leo katika nyumba nyingi za Likoni hati hukaa ndani ya mfuko wa nailoni uliokunjwa mara mbili, ndani ya sanduku la bati, chini ya leso ambazo hazijawahi kuvaliwa. Humo pia mna vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki na risiti za ada za miaka mingi zilizofifia wino. Msemaji wa dvar Torah akifika hapo angeuliza: wiki hii utatia nini sandukuni? Majibu yako karibu:
- Cheti cha kuzaliwa cha mtoto ambacho kila mwaka kinangojwa mwakani.
- Makubaliano ya ploti, yakiwa yameandikwa na kushuhudiwa. Yeremia alinunua kwa ndugu wa damu na bado akaita mashahidi.
- Daftari la chama lenye sahihi za wote, lisilokaa kwa mweka hazina peke yake.

Mambo haya hayasisimui. Hakuna atakayeyapigia vigelegele. Lakini kila moja linamchukulia mwenyewe kuwa mtu atakayekuwapo mwaka ujao.

Changamwe: nani wa kupumzika?

Changamwe hulala kwa zamu. Malori ya makontena hujipanga Magongo usiku kucha, ndege hutua Port Reitz, na kibarua wa Chaani huamka saa kumi alfajiri kuwahi lango la kampuni, asijue kama leo jina lake litaitwa. Tangu treni ya SGR ianze safari mwaka 2017, na mizigo ya bandarini kusukumiwa relini, madereva, makanika na wenye vibanda vya chakula barabarani wamelia kwamba wateja wamehama. Aliyebaki na kazi hufanya ya watu wawili, naye hashukuru wala halalamiki kwa sauti.

Sabato ya Kiyahudi huanza Ijumaa jua likizama na kwisha Jumamosi nyota zikionekana. Marabi wa kale waliorodhesha aina 39 za kazi zisizofanywa siku hiyo, kuanzia kulima na kupanda hadi kushona na kuandika. Kwa washika sheria wa leo maana yake ni hakuna kuendesha gari, hakuna kubonyeza swichi ya stima, na simu imezimwa. Hebu waza siku nzima bila ujumbe wa mkopo unaokukumbusha deni.

Kisa cha asili kiko katika kitabu cha Kutoka, sura ya 16. Watu wametoka utumwani majuma machache tu. Hawana shamba wala ghala. Kila asubuhi wanaokota mana, chakula kilichoshuka jangwani, kwa kadiri ya siku moja. Anayeweka akiba anaikuta imeoza na kuingia wadudu. Kwa lugha ya Changamwe, hawa ni vibarua wa kutwa. Siku ya sita wanapata maradufu, na ya saba wanaambiwa wasitoke. Baadhi yao wanatoka hata hivyo kwenda kutafuta, wasipate kitu. Ninawaelewa kabisa. Aliyelelewa na njaa haamini likizo.

Hapa wahubiri wengi huteleza. Humgeukia kibarua na kumwambia apumzike, amtegemee Mungu. Kibarua akipumzika siku ambayo jina lake limeitwa, watoto hulala bila kula. Hilo si fumbo la kiroho, ni hesabu. Soma amri yenyewe. Inamtaja mtumwa na mjakazi, mgeni, hata ng'ombe na punda. Inamshika mkono yule mwenye uwezo wa kuwafanyisha wengine kazi. Na kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, kinaamuru ujira wa maskini ulipwe siku ileile, jua lisitue bado hajapewa. Waislamu wana hadithi mashuhuri inayofanana nayo, ile ya kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka.

Kwa hiyo tafakari ya Sabato, ikisomwa Changamwe, inamtazama mwajiri kabla ya mwajiriwa. Na mwajiri si lazima awe tajiri wa meli. Wengi wetu tunaomlalamikia bosi tumemwajiri mtu: dada wa kazi aliyetoka vijijini Kilifi, mlinzi wa usiku, kijana wa kusukuma mkokoteni wa maji. Siku yake ya kupumzika ni ipi? Anaijua mapema, au hupewa siku tunaposafiri? Mshahara wake hutoka tarehe ngapi, na tukichelewa, nani humwambia, tena kwa maneno gani? Nimewahi kuona maswali haya yakizua ubishi mkali kuliko siasa yoyote, sebuleni, dada mwenyewe akiwa jikoni anasikia kila neno.

Mtoto aulize kwanza

Kisauni kuna mahali paitwapo Kengeleni, na kengele ipo kweli. Baada ya mkataba wa 1873, ambamo Sultani Barghash wa Zanzibar alikubali kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, wamishenari wa Kianglikana wa CMS walianzisha makao ya walioachwa huru. Mwaka 1875 makao hayo, Frere Town, yakaanza kupokea watu waliookolewa kutoka majahazi, wengine wakiwa wametekwa mbali sana upande wa Ziwa Nyasa. Kengele ilipigwa kuwaonya wakaazi kila wafanyabiashara wa watumwa walipokaribia. Wazao wa watu hao waliitwa Wamisheni. James Mbotela, wa ukoo huohuo wa yule mtangazaji wa redio, aliandika habari zao katika kitabu chake Uhuru wa Watumwa cha mwaka 1934.

Pwani, kumwita mtu mtumwa bado ni tusi, na jamaa nyingi zimejifunza kukitia kisa cha ukoo wao chini ya mkeka. Wayahudi walichagua kinyume chake. Waliuleta utumwa mezani, mbele ya watoto, kila mwaka. Jioni ya Pasaka yao, sikukuu ya kukumbuka kutoka Misri, mezani huwekwa mkate usiotiwa chachu, majani machungu na maji ya chumvi. Desturi ni kwamba mtoto mdogo kuliko wote aulize kwanza kwa nini usiku huu si kama mwingine. Ndipo wazee hujibu, na jibu huchukua saa kadhaa. Kila aliyepo anatakiwa ajione kana kwamba yeye mwenyewe alitoka Misri, si babu yake tu.

Kwa nini jambo chungu hivyo lilete matumaini? Nadhani ni kwa sababu mtoto anayeambiwa kwamba wake walipigwa na kuuzwa, kisha anaambiwa nani alimpa nani maji njiani, nani alikumbuka jina la kijiji, nani alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, hupata orodha ya mambo yanayowezekana. Anayefichwa kisa hubaki na tusi peke yake. Kisauni ya miaka ya karibuni imetajwa redioni kwa vijana wenye mapanga kuliko kwa kengele yake, na maelfu ya watoto huipita ndani ya tuktuk bila kuambiwa ni ya nini. Sisemi mlo mmoja utamnyang'anya mtu panga. Nasema familia inayoweza kukaa mara moja kwa mwaka, sahani moja ya kitu kichungu ikiwa katikati, mdogo akauliza na mkubwa akajibu bila kuficha, imeanza kitu ambacho semina za vijana hazijui kukianza. Majani ya mnafu yanatosha. Yanauzwa Kongowea.

Usiku wa 11 Aprili 1979

Nilisema nitawarudia Abayudaya. Semei Kakungulu alikuwa jemadari aliyewatumikia Waingereza kuiteka mashariki ya Uganda, akakosana nao, akasoma Biblia mwenyewe na kuamua mwaka 1919 kuishika Torati, pamoja na kutahiriwa. Alikufa mwaka 1928, jumuiya ikabaki. Idi Amin alipotawala aliipiga marufuku dini yao. Masinagogi yakafungwa, wengi wakabadili dini, na wale waliobaki, wanaokadiriwa kuwa 300 hivi, wakawa wanasali kwa kujificha.

Tarehe 11 Aprili 1979 wanajeshi wa Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni waliiteka Kampala. Jioni ya siku hiyohiyo, kwa kalenda ya Kiyahudi, Pasaka ilikuwa inaanza. Watu waliosimulia kutoka Misri kwa sauti ya chini miaka yote ile hawakuhitaji msemaji wa kuwaeleza maana ya siku.

Kilichofuata kilienda polepole, bila shamrashamra. Vijana wa miaka ya 1980 waliirudisha ibada kwenye kilima cha Nabugoye. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alisoma Marekani akawa rabi mwaka 2008, na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa mbunge na wapiga kura ambao wengi wao si Wayahudi. Ndugu yake, J. J. Keki, alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001 na akayaona mashambulizi kwa macho yake. Aliporudi nyumbani alipita kwa majirani wake wakulima wa kahawa, Waislamu, Wakristo na Wayahudi, akiwataka waunde ushirika mmoja. Uliundwa mwaka 2004, uongozi wakagawana, na kahawa yao ikauzwa Marekani na kampuni ya California kwa jina la Mirembe Kawomera, maneno ya Kiganda yenye maana ya amani tamu. Jina liliwapendeza wanunuzi. Wakulima wenyewe walikuwa wakitafuta bei iliyo bora kuliko ile ya mlanguzi, na mzigo wa kutosha kwa bei hiyo haukuweza kupatikana kwa watu wa dini moja peke yao.